Mlango wa Chuo cha Meno na Hesabu ya Walioachwa Nje

Mgonjwa mwenye jino linalouma hana haja ya kujua daktari wake alipataje nafasi ya kusoma. Anachotaka ni ganzi iliyodungwa mahali pake, mkono mwepesi na maelezo yanayoeleweka. Hata hivyo, mikono itakayomhudumia ilichaguliwa miaka mingi kabla yeye hajafika kliniki, siku ambayo kamati ya udahili iliketi na majina ya waombaji na kuamua nani aingie na nani arudi nyumbani. Kama kamati hiyo ilipima uwezo, mgonjwa alipata daktari bora miongoni mwa waliojitokeza. Kama ilipima jambo jingine, mgonjwa naye alipunjwa, ingawa hakuwapo kikaoni wala hakuulizwa maoni.

Barani Afrika jambo hili lina uzito wa pekee. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuhusu hali ya afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Takwimu za shirika hilo kwa Kanda ya Afrika zinaonyesha wastani wa madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani takriban daktari mmoja kwa watu 30,000. Penye uhaba wa namna hiyo, kila mwombaji mwenye uwezo anayezuiwa mlangoni kwa sababu isiyohusiana na kazi ni hasara ya jamii nzima. Ndiyo maana uwiano wa wanawake na wanaume katika udahili wa vyuo vya meno hauwezi kuachwa kuwa jambo la wanawake peke yao. Unagusa foleni ya wagonjwa.

Mlango uliofungwa waziwazi

Katika karne ya 19 hapakuwa na haja ya kuficha ubaguzi. Lucy Hobbs, mwalimu wa shule aliyezaliwa mwaka 1833 katika jimbo la New York nchini Marekani, aliomba kwanza kusomea utabibu katika mji wa Cincinnati, akakataliwa kwa sababu alikuwa mwanamke. Mmoja wa maprofesa wa chuo hicho alikubali kumfundisha faraghani na akamshauri ageukie meno. Hobbs akajifunza kazi kwa daktari wa meno aliyekubali kumpokea kama mwanagenzi, kisha mwaka 1861 akapeleka maombi katika Chuo cha Upasuaji wa Meno cha Ohio. Jibu likawa lilelile.

Zama hizo sheria haikudai shahada kwa kila aliyetibu meno, hivyo Hobbs alifungua kliniki yake na kuhamia jimbo la Iowa, ambako kazi yake ilimjengea jina. Mwaka 1865 chama cha madaktari wa meno cha jimbo hilo kilimpokea kuwa mwanachama na kikatia shinikizo ili chuo kibadili msimamo. Mwezi Novemba mwaka huo aliingia katika darasa la mwisho, kwa kuwa uzoefu wake ulihesabiwa, na tarehe 21 Februari 1866 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa meno. Inafaa kuzingatia kilichofungua mlango ule. Uwezo wake haukubadilika kati ya mwaka 1861 na 1865. Kilichobadilika ni kwamba wenzake waliomwona akifanya kazi walisimama upande wake.

Nchini Uingereza mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1892 Lilian Murray aliomba nafasi katika hospitali moja ya meno jijini London. Mkuu wa chuo hakumruhusu hata kuingia ndani. Alimhoji nje, kando ya barabara, kwa hoja kwamba kuonekana kwake kungewashughulisha wanafunzi wa kiume. Murray akaelekezwa Edinburgh, ambako alipokelewa, japo mmoja wa wakubwa wa taaluma alimwambia kuwa anamnyang'anya mwanamume maskini mkate wake. Alifuzu mwaka 1895 kwa heshima, akawa mwanamke wa kwanza kupata sifa ya udaktari wa meno nchini humo. Mwaka 1946, akijulikana kwa jina la ndoa la Lilian Lindsay, alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Uingereza.

Kwa mwanamke Mweusi vizuizi vilikuwa viwili. Ida Gray, yatima aliyelelewa Cincinnati, alifanya kazi akiwa shuleni katika kliniki ya Jonathan Taft, daktari aliyeunga mkono elimu ya wanawake na aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Michigan. Gray aliingia chuoni hapo mwaka 1887 na kuhitimu mwaka 1890, akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika-Mmarekani kupata shahada hiyo. Katika visa vyote vitatu, nyuma ya mlango uliofunguka alikuwapo mtu mwenye madaraka au chama chenye sauti. Penye lango lenye bawabu, kipaji pekee hakikutosha.

Ukuta usioandikwa popote

Mtu angedhani kwamba baada ya mfano wa kwanza wengine wangemiminika. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, zaidi ya karne moja baada ya Lucy Hobbs, wanawake walikuwa takriban mmoja tu katika kila wanafunzi 100 wa vyuo vya meno vya Marekani. Amri ya kuwazuia haikuwapo tena katika vitabu vya vyuo, lakini ukuta ulibaki katika fikra za washauri wa shule, wazazi, wafadhili na wajumbe wa kamati.

Hoja iliyorudiwa mara nyingi ilikuwa ya nguvu: kwamba kung'oa jino kunahitaji misuli ya mwanamume. Kila mhudumu aliyefundishwa vizuri anajua udhaifu wa hoja hiyo. Jino halitoki kwa kuvutwa kama msumari. Hutoka baada ya nyuzinyuzi zinazolishika kulegezwa na tundu la mfupa kupanuliwa kidogo kidogo, kwa kifaa sahihi kilichoshikwa kwa pembe sahihi. Anayetumia nguvu kupita kiasi huvunja mzizi, na pengine taya. Hoja ya pili ilikuwa ya ndoa: kwamba mwanamke ataolewa, atazaa, na nafasi aliyopewa itakuwa imepotea. Hoja hii itarejea katika makala haya, kwani imeishi hadi karne ya 21.

Jibu la hoja zote mbili lilikuwa likionekana wakati uleule upande wa pili wa Ulaya. Nchini Ufini, na katika nchi za Baltiki zilizokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume katika udaktari wa meno muda mrefu kabla Marekani haijaanza kubadilika. Taya la Mfini si laini kuliko la Mmarekani, na wanawake wa huko nao waliolewa na kuzaa. Tofauti ilikuwa katika jinsi jamii ilivyoipanga kazi na kuitazama. Idadi iliyodhaniwa Marekani kuwa ya maumbile ilikuwa imetengenezwa na watu, na kilichotengenezwa na watu huweza kutengenezwa upya.

Kilitengenezwa upya kwa sheria na fedha. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyovinyima fedha za serikali vyuo vya taaluma za afya vilivyobagua waombaji kwa jinsia. Mwaka 1972 sheria nyingine ikapanua katazo hilo katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Mwaka 1975 Jeanne Sinkford aliteuliwa kuongoza chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Howard, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa chuo cha meno nchini Marekani. Kufikia mwaka 1990 wanawake walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kufikia mwisho wa muongo wa 2010 walikuwa wamevuka nusu. Maumbile ya wanawake hayakubadilika katika nusu karne hiyo. Masharti ya mlangoni ndiyo yaliyobadilika.

Alama zilizopunguzwa gizani

Sheria inapokataza kufunga mlango waziwazi, anayetaka kuufunga hutafuta njia ya siri. Mfano ulio wazi zaidi wa karne hii unatoka katika udahili wa madaktari wa tiba nchini Japani, na funzo lake linavihusu vyuo vya meno moja kwa moja, kwa sababu vyombo vya kuchagulia ni vilevile: mtihani, insha na mahojiano.

Mwezi Agosti 2018 ilifichuka kwamba Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo kilikuwa kimechezea matokeo ya mtihani wa kujiunga kwa zaidi ya miaka 10. Katika hatua ya pili, alama za insha za waombaji wote zilishushwa, kisha wanaume walioomba kwa mara za mwanzo wakaongezewa alama. Wanawake hawakuongezewa hata moja. Nia ilikuwa kuzuia idadi yao isipande darasani, na sababu iliyotajwa ilikuwa ileile ya zamani: kwamba madaktari wanawake huacha kazi wakipata watoto. Chuo kingine kilijitetea kwa hoja ya ajabu zaidi, kwamba wasichana hukomaa mapema na kujieleza vizuri kuliko wavulana, hivyo mahojiano yalipaswa kusawazishwa. Sifa inayotakiwa kwa daktari ikageuzwa kuwa kosa.

Wizara ya elimu ya Japani ilichunguza vyuo vyote vya udaktari wa tiba nchini humo na kukuta dosari katika vyuo vingine kadhaa. Kwa wastani wa miaka sita iliyochunguzwa, kiwango cha wanaume kufaulu kuingia kilikuwa mara 1.18 ya kile cha wanawake. Baada ya vyuo kuonywa na mitihani kuangaliwa kwa karibu, matokeo yaligeuka haraka: mwaka 2021 asilimia 13.60 ya wanawake walioomba walipata nafasi, na wanaume ni asilimia 13.51. Mwezi Septemba 2022 mahakama ya Tokyo iliamuru chuo kile kiwalipe fidia waombaji wanawake waliodhulumiwa.

Hayupo aliyeugundua udanganyifu huo kwa kuangalia darasa peke yake. Darasa lenye theluthi ya wanawake lingeweza kuwa na maelezo mengi yasiyo na hila. Pengo huonekana pale walioomba na waliochaguliwa wanapowekwa katika mizani moja.

Masharti sawa, mizigo tofauti

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya masharti ya mlangoni, na haipaswi kusahaulika. Mwezi Novemba 1974 chama tawala cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Kati ya mambo mengine, azimio hilo liliondoa utaratibu wa kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Mwombaji alitakiwa kwanza kutumikia jeshi la kujenga taifa, kufanya kazi kwa muda, na kuthibitishwa na wale aliofanya nao kazi. Lengo lilikuwa zuri: kupata wasomi wanaoijua nchi na wasioidharau kazi. Sharti liliandikwa kwa usawa kamili, bila kutaja mwanamume wala mwanamke.

Hata hivyo, mzigo wake haukuwa sawa. Kwa kijana wa kiume, miaka ya kungoja ilikuwa miaka ya kungoja tu. Kwa msichana, ilikuwa miaka ambayo familia ilitarajia aolewe na azae. Idadi ya wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikashuka, na mwaka 1976 serikali ikawaruhusu wanawake kuingia tena moja kwa moja. Uamuzi huo ulikuja kabla mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno hayajaanza jijini humo mwishoni mwa muongo huo. Serikali haikusema wanawake ni dhaifu. Ilikiri kwamba kanuni isiyotaja jinsia inaweza kuchuja kwa jinsia.

Uganda ilichukua njia nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza kupokea wanawake mwaka 1945, kilianza mwaka 1990 kumwongezea kila mwombaji wa kike pointi 1.5 katika hesabu ya kujiunga. Wanawake, waliokuwa takriban robo ya wanafunzi, walikaribia nusu katika muda wa miaka 15 hivi. Mafanikio hayo yalikuja na ukosoaji wenye uzito. Walionufaika zaidi walikuwa wasichana waliotoka katika shule nzuri na familia zenye uwezo, na wengi waliingia katika masomo ya sanaa na jamii. Katika sayansi, ambako ndiko udaktari wa meno uliko, badiliko lilikuwa dogo. Pointi 1.5 haziwezi kumsaidia msichana ambaye shule yake haina maabara wala mwalimu wa fizikia, kwa sababu hafiki kwenye foleni ya waombaji.

Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijaribu njia ya tatu kwa masomo ya sayansi. Wasichana waliokikaribia kiwango cha kujiunga bila kukifikia waliitwa kwa wiki kadhaa za masomo ya matayarisho, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Hapa mwombaji hakupewa alama. Alipewa nafasi ya kuzipata, na aliyeingia darasani aliingia na maarifa atakayoyahitaji.

Mifano hii mitatu inatoa kipimo chepesi cha kutofautisha hatua za haki na hila. Hatua inayompa mwenye uwezo nafasi ambayo mazingira yalimnyima hupanua mlango. Hatua inayomwondolea mwenye uwezo alama alizokwisha kuzipata huubana. Zote mbili zinaweza kupewa jina la uwiano, lakini ni moja tu inayomtendea mgonjwa haki.

Kuhesabu kwa usahihi

Mjadala wa uwiano wa kijinsia mara nyingi huanzia na kuishia katika idadi ya walioketi darasani. Idadi hiyo peke yake haisemi mengi. Mfano wa kubuni utasaidia.

Chuo cha kwanza kimepokea maombi ya wanaume 300 na wanawake 100, wote wakiwa wamekidhi vigezo. Kimechagua wanaume 30 na wanawake 10. Darasa lina robo tu ya wanawake, na mtu anayetazama kwa mbali atalaumu kamati. Lakini kila upande umepata nafasi kwa asilimia 10. Mlango wa chuo hiki hauna kosa linaloonekana. Kilichopotea kilipotea kabla, katika shule za sekondari, na ndiko dawa inakotakiwa kupelekwa.

Chuo cha pili kimepokea maombi ya wanaume 100 na wanawake 200 wenye sifa, na kimechagua wanaume 20 na wanawake 20. Darasa ni nusu kwa nusu, na picha ya mahafali itapendeza. Lakini mwanamume amepata nafasi kwa asilimia 20 na mwanamke kwa asilimia 10. Darasa linaloonekana lenye usawa kuliko lile la kwanza ndilo linalohitaji maelezo zaidi.

Kwa sababu hiyo, chuo kinachotaka kujijua kinapaswa kuweka hesabu ya kila hatua, ikitenganishwa kwa jinsia: walioomba, waliokidhi vigezo, waliochaguliwa, walioripoti, waliohitimu, na walio kazini miaka mitano baadaye. Pengo likionekana kati ya waliokidhi vigezo na waliochaguliwa, kamati ina la kujibu. Likiwa kati ya waliochaguliwa na walioripoti, pengine tatizo ni ada, mkopo au malazi. Likiwa kati ya walioripoti na waliohitimu, lichunguzwe linalotokea ndani ya chuo chenyewe, ikiwa ni pamoja na unyanyasaji wa kijinsia na namna chuo kinavyomshughulikia mwanafunzi mjamzito. Asiyekuwepo na lake halipo, wasema wahenga, na takwimu za aina hii ndizo zinazompa aliyeachwa nje nafasi ya kuonekana.

Nchini Tanzania kundi la waombaji huanza kupungua mapema. Anayetaka kuwa daktari wa meno hupitia kidato cha tano na sita katika mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na uchaguzi huo hutegemea matokeo ya kidato cha nne. Msichana aliyeacha shule akiwa kidato cha pili hahesabiwi popote katika udahili. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi masomoni katika mfumo rasmi. Tangazo hilo halikutaja udaktari wa meno, lakini linauhusu, kwa kuwa liligusa lango la kwanza kabisa katika safari hiyo.

Kipimo hiki kinawalinda wanaume pia. Ziko nchi ambako wanawake sasa ndio wengi katika vyuo vya meno, na baadhi ya watu wameanza kuuliza kama wavulana watengewe nafasi. Swali ni halali, na jibu linapatikana kwa hesabu ileile. Kama wavulana wanaomba na kukataliwa kwa upendeleo, mlango urekebishwe. Kama hawaombi, watafutwe shuleni na waelezwe thamani ya kazi hii. Kumpunguzia msichana alama ili mvulana asiyeomba aonekane darasani hakumpi mgonjwa chochote.

Baada ya mlango kufunguka

Udahili wa leo huzaa watumishi wa miaka 40 ijayo, hivyo matunda yake huja polepole. Takwimu za Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani zinaonyesha kuwa wanawake walikuwa asilimia 16 ya madaktari wa meno walio kazini mwaka 2001, na asilimia 34.5 mwaka 2020, ingawa darasani walikuwa wamekwisha kufikia nusu. Nchini Uingereza wanawake tayari ni zaidi ya nusu ya madaktari wa meno waliosajiliwa. Lakini ndani ya taaluma bado kuna milango mingine. Nchini Marekani wanawake wamejaa katika mafunzo ya ubingwa wa meno ya watoto na kubaki wachache katika upasuaji wa kinywa na taya. Mwenye kuridhika na usawa wa mwaka wa kwanza hajafika mwisho wa hesabu.

Hapa inarudi hoja ya uzazi. Ni kweli kwamba daktari anaweza kushika mimba, kujifungua na kupunguza saa za kazi kwa muda. Mpangaji makini wa rasilimali watu huhesabu saa za huduma, hatosheki na idadi ya vyeti, na hupanga mbadala wa likizo kabla likizo haijafika. Huo ni wajibu wa mwajiri. Kumwadhibu mwombaji wa miaka 19 kwa mtoto ambaye hajazaliwa, na pengine hatazaliwa, ni kukwepa wajibu huo.

Tena, chumba cha meno chenyewe kinahitaji kuandaliwa kwa watumishi wa jinsia zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 nchini Marekani ulionyesha kuwa wanawake wasaidizi wa madaktari wa meno waliofanya kazi saa 5 au zaidi kwa wiki na gesi ya naitrasi oksaidi, katika vyumba visivyo na vifaa vya kuinyonya, walichelewa kushika mimba kuliko wenzao. Dawa ni kifaa cha kunyonya gesi, kukagua mabomba na kupitisha hewa. Kwa upande wa mionzi, mapendekezo ya kimataifa yanataka kijusi cha mfanyakazi aliyetoa taarifa ya ujauzito kisipate zaidi ya milisivati 1 katika muda uliobaki wa mimba. Kukaa nyuma ya kinga au kwa umbali unaotakiwa, pamoja na kuvaa kipimamionzi, huwezesha kazi kuendelea kwa usalama. Kuhusu zebaki iliyomo katika amalgamu, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi yake, na mwaka 2022 wanachama walikubaliana kuepuka kuitumia kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Hatua zote hizi humlinda pia mtumishi wa kiume, na mgonjwa aliyelala kitini.

Wajibu wa kila mmoja

Kamati za udahili zina kazi ya kwanza: kuandika vigezo kabla ya maombi kufunguliwa, kuficha majina na jinsia pale insha zinaposahihishwa, kumwuliza kila mwombaji maswali yaleyale katika mahojiano, na kutangaza hesabu za kila hatua kila mwaka. Swali kuhusu ndoa au mipango ya uzazi halina nafasi katika mahojiano hayo.

Wahudumu wa afya walio kazini wana wajibu unaofanana na ule wa madaktari wa Iowa mwaka 1865. Msichana wa sekondari anayefika kliniki kutibiwa, akashangaa kuona mwanamke ameshika kifaa, anaweza kuulizwa anasoma mchepuo gani. Tabibu wa meno wa wilaya anayekwenda shuleni kupima meno ya wanafunzi anaweza kutumia dakika chache kueleza masomo yanayohitajika ili kuifikia kazi hiyo. Walimu wakuu hawakatai mgeni wa namna hiyo.

Mgonjwa naye ana haki na wajibu. Ana haki ya kuomba ahudumiwe na daktari wa jinsia anayomtuliza, pale inapowezekana, hasa kama hofu ndiyo iliyomchelewesha nyumbani hadi jino likaoza na kufanya usaha. Lakini akimkuta daktari kijana wa kike, asimpite na kumtafuta mwanamume kwa kudhani kwamba mkono mzito ndio ustadi. Jino lililolegezwa kwa ufundi hutoka lote pamoja na mzizi wake, na ufizi hupona mapema, hata kama aliyeling'oa ni mwembamba kuliko dada yake mgonjwa.